Altezza au GR Yaris? Hesabu ya bima ya gari za kasi hapa visiwani

Kijana wa Unguja akishikwa na shauku ya gari ya kasi, pahala pa mwanzo anapouliza ni kwenye simu yake. Huko hukutana na Waingereza wanaolia kwamba bima ya mwaka ya Subaru ya tabo (turbo, ile pampu inayoipa injini hewa zaidi) inakaribia bei ya gari yenyewe, na wengine wanaojisifu kwamba gari zao za miaka ya tisini wanazikatia bima kwa fedha ya chai. Anachanganyikiwa. Kisha anakwenda kukata bima ya Toyota Altezza yake hapa mjini, anatoa laki na ushee, na usajili unasoma kwenye mfumo kabla hajatoka mlangoni. Anajiona ana bahati. Mimi nasema sisi tuna hesabu nyengine tu, na mitego yake haiko mwanzoni unapolipa, iko mwishoni unapodai.

Tuanze na hao Waingereza, maana maneno yao ndiyo yanayowachanganya vijana wetu. Kwao, kwa miaka mingi, kila aina ya gari imekuwa ikipangiwa kundi la bima, kuanzia 1 mpaka 50. Kinachopimwa ni bei ya vipuri, saa ambazo fundi atazitumia ikigongwa, nguvu na kasi yake, na ugumu wa kuiiba. Juu ya hapo kampuni humtazama dereva: umri wake, mtaa anaolaza gari, ajali alizowahi kupata. Kijana wa miaka 20 na gari yenye nguvu ya farasi 280 ni balaa machoni pao hata kama gari imechakaa, kwa sababu hofu yao kubwa si kuilipia ile gari, ni kuwalipia watu atakaowagonga. Ndiyo maana gari ya bei rahisi inaweza kubeba bima ghali. Lakini mzee wa miaka 55 mwenye gari ile ile, anayeitoa siku za jua tu, hupata mkataba wa gari za kale, wenye kikomo cha maili kwa mwaka na thamani waliyokubaliana kabla. Huyo ndiye anayejisifu mtandaoni.

Hapa kwetu mambo yamepangwa vyengine. Biashara ya bima, bara na visiwani, inasimamiwa na TIRA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa bima, na viwango vya chini vya bima ya gari vimewekwa ili kampuni zisishindane kushusha bei mpaka zikakosa cha kulipia madai. Bima ndogo, ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari awe nayo, kwa gari binafsi ni shilingi 100,000 na kodi juu yake. Toyota Vitz yenye injini ndogo ya cc 1,000 inalipa hiyo. Toyota Chaser ya tabo inalipa hiyo hiyo. Bima kubwa huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na kwa gari binafsi kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5. Farasi hawamo kwenye hesabu hiyo. Ujana wa dereva nao huingia kwa mlango wa nyuma: mikataba mingi humwongezea dereva mdogo, au mwenye leseni mpya, ile sehemu ya hasara anayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatia mkono mfukoni.

Tuchukue mifano miwili, bei nikizikadiria tu ili hesabu ionekane. Tuseme Altezza safi ina thamani ya milioni 12. Asilimia 3.5 yake ni shilingi 420,000 kwa mwaka. Tuseme mtu mwengine ameingiza GR Yaris, Toyota ya kasi ya kisasa, ya milioni 90. Yake ni 3,150,000. Tofauti ni mara saba na nusu, sawasawa na tofauti ya bei za gari zenyewe, wala hakuna chengine kilichopimwa hapo. GR Yaris ina breki bora, ina mfumo wa kuizuia isiserereke, ina mifuko ya hewa kila upande. Ukigonga nayo una nafasi nzuri zaidi ya kutoka mzima. Hayo yote hayakupunguzii hata senti. Altezza ya mwaka 1999 yenye matairi ya kipara na shokapu zilizokufa nayo haiongezewi hata senti, mradi imekubaliwa.

Mradi imekubaliwa, kwa sababu hapo ndipo umri wa gari unapoanza kusema. Gari ikishapita miaka kumi na kitu, kampuni huanza kuuliza maswali kuhusu bima kubwa. Nyengine zinataka ikaguliwe kwanza, nyengine zinakupa bima ndogo na kukuaga kwa heshima. Na wenye gari kongwe wengi hawapigani sana. Wanachukua bima ndogo, ambayo inamlipa mtu uliyemuumiza au mali uliyoiharibu, na gari yako wewe unabaki nayo ilivyo.

Lakini tuseme Altezza imekubaliwa bima kubwa. Siku moja, kwenye taa za Kiembesamaki, dereva ameingia chini ya daladala. Boneti imekunjika, taa mbili zimekwenda, rejeta, bampa, madigadi ya kushoto, na mifuko miwili ya hewa imefumka. Mtu ukiitazama gari hiyo unasema inatengenezeka, na kweli fundi mzuri anaitengeneza. Mkadiria hasara, hata hivyo, anajumlisha vipuri na kazi, analinganisha na milioni 12, anaona jumla imekaribia mno thamani ya gari. Kwenye karatasi gari imekufa. Kampuni inalipa thamani ya soko ya siku ya ajali, inatoa ile sehemu yako, na mabaki yanakuwa yao isipokuwa mkubaliane uyachukue na ukatwe bei yake. Kwa gari ya milioni 90, ajali ile ile ni matengenezo tu. Gari kongwe hufa kwa pigo dogo zaidi, na inakufa kwa sababu ya bei yake, si kwa sababu ya bati lake.

Sasa mwenye Altezza ana milioni kumi na ushee mkononi. Ataipata wapi nyengine? Gari hii ilitengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005, na ndiyo iliyotwaa tuzo ya gari bora ya mwaka Japani msimu wa 1998–1999. Toleo lake la AS200 lina injini ya silinda sita, tamu lakini pole. Inayotafutwa ni RS200 yenye injini ya 3S-GE, silinda nne bila tabo, iliyotoa nguvu ya farasi 210 kwa gia sita za mkono. Hiyo ukiipoteza, fedha ya soko la hapa haikuletei nyengine. Huko Japani kwenyewe bei zake zinavutwa na Wamarekani, kwa sababu sheria yao inaruhusu gari ya nje ambayo haikutimiza viwango vyao iingie ikishafikisha miaka 25. Nissan Skyline GT-R R34, iliyotoka Januari 1999, ilianza kuruhusiwa huko mwaka 2024, na kila gari ya rika lake yenye mvuto imepandishwa bei na mkondo huo. Mkadiria hasara wa hapa hatazami mnada wa Japani. Anatazama Altezza ngapi zinauzwa mjini na kwa kiasi gani.

Wajanja hudhani dawa ni kuandika thamani kubwa. Gari ya milioni 12 mtu anaikatia bima ya milioni 20, analipa 700,000 badala ya 420,000, akiamini ikifa atalipwa 20. Hatalipwa. Bima inakurudisha ulipokuwa kabla ya hasara, haikupandishi ngazi, kwa hiyo atapewa thamani ya soko na zile 280,000 za kila mwaka zimekwenda na maji. Mwenye gari mpya hufanya kinyume chake. Gari ya milioni 90 anaiandika milioni 60 ili aokoe 1,050,000. Mikataba mingi ina kifungu cha uwiano: umekata bima theluthi mbili ya thamani, basi kila dai unalipwa theluthi mbili. Ajali ya milioni 15, kampuni inatoa 10, na 5 unazitafuta mwenyewe. Akiba yote imekwenda kwa bampa moja na taa.

Kwa gari kongwe yenye sifa kuna njia ya heshima zaidi: kuthaminishwa kabla, kwa ripoti ya maandishi na picha, kisha kuiomba kampuni iandike kwenye mkataba kwamba hiyo ndiyo thamani mliyokubaliana. Si kila kampuni itakubali. Ikikubali, bima utailipia zaidi, na ni haki yao. Ila utakuwa umenunua kitu cha kweli.

Na hapa nije kwenye lile ambalo wenye gari za kasi hawapendi kuulizwa: umebadilisha nini? Gari nyingi za aina hii hazibaki zilivyotoka kiwandani. Rimu za inchi 18, springi zilizokatwa, ekzosti ya kunguruma, tabo kubwa zaidi, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, iliyopangwa upya. Bima inasimama juu ya ukweli wa yule anayeiomba. Usipoyataja mabadiliko hayo, umeipa kampuni sababu ya kukataa dai hata kama ajali haikuhusiana nayo sana. Ukiyataja, utaambiwa mawili: ama yaongezwe kwenye thamani na uyalipie, ama yabaki hatari yako. Rimu ambazo hazikuandikwa hazipo, hata kama mtaa mzima unazijua.

Mfano mmoja wa hapa hapa. Vijana hupenda kuitoa ea klina ya kiwandani, lile chujio la hewa ya injini, iliyokaa juu, na kutia bomba linalovuta hewa baridi kutoka chini nyuma ya bampa. Gari inapata sauti na pengine nguvu kidogo. Masika yakija, maji yanajaa kwenye mabonde ya mjini, na dereva anaingia kwenye dimbwi ambalo daladala zinapita bila wasiwasi. Bomba linameza maji. Maji hayakandamiziki kama hewa, hivyo pistoni inapopanda inakuta ukuta, na konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda au inatoka ubavuni mwa injini. Bima kubwa yenye mafuriko ndani yake ingeweza kulipa. Lakini mkaguzi atainama, ataliona lile bomba, na mazungumzo yatabadilika.

Gari mpya nayo ina maumivu yake. Fundi mmoja wa Fuoni niliwahi kumkuta amekaa kitako mbele ya gari ya kisasa, kipande cha plastiki kiganjani, hakizidi ukubwa wa ukucha. Mwenye gari, mtu wa makamo, alikuwa amegusa tu nguzo wakati anarudi nyuma na kukata kona.

"Ami, sikio la taa ndilo hili," fundi akamwambia. "Limekatika."

"Si ulibandike?"

"Nikibandika itatikisika. Na ndani hamna balbu ya kubadilisha. Inakuja taa nzima."

Ndiyo hali ya gari za sasa. Taa za LED huja zimefungwa, bampa ya mbele ina rada, kioo cha mbele kina kamera ya zile breki zinazojikamata zenyewe, na ukibadilisha kioo lazima kamera ilinganishwe upya kwa kompyuta, la sivyo gari itaona barabara imepinda. Taa ya Altezza fundi wetu anaitafuta Ilala, Dar es Salaam, miongoni mwa spea zilizotumika, na inakuja na boti ya kesho. Taa ya GR Yaris inasubiri mbali zaidi. Kwa hiyo ile asilimia 3.5 ya milioni 90 inayoonekana nyingi ina kazi ya kufanya: mikwaruzo ya gari mpya ni ghali kweli, na mwaka mmoja wenye nguzo moja mbaya unaweza kurudisha sehemu nzuri ya ulichotoa. Kwa gari kongwe, dai dogo mara nyingi halifiki hata kile kiwango cha mwenyewe kubeba, na kampuni ikikuwekea kipuri kipya mahali pa kilichokwisha inaweza kukudai uchangie ule upya.

Kisha kuna hasara ambazo bima haizijui kabisa. Injini ya EJ20 ya Subaru mkanda wake wa taimingi unatakiwa ubadilishwe kwenye kilomita 100,000. Ukiukosa ukakatika, valvu zinapigana na pistoni, na hilo ni uchakavu, si ajali. Kutu vilevile. Gari iliyolala miaka kumi kwenye upepo wa chumvi Nungwi au Paje inaliwa chini ya milango polepole, na ikija kugongwa, mkadiria anaandika kutu iliyokuwepo kabla. Mwenye gari ya kasi ya zamani, ukimwambia bima yake ni 420,000, aongeze pembeni fungu lake mwenyewe la kila mwaka kwa ajili ya mikanda, shokapu, bushi na rejeta, fungu ambalo huenda likaipita bima mara kadhaa. Mimi hesabu hiyo ndiyo ninayoiita gharama ya kweli. Wengi hawaiandiki popote.

Na iwe wazi: mashindano hayamo katika bima yoyote ya gari binafsi, yawe ya mchana au ya saa nane usiku. Kukodisha kwa watalii pia hakumo. Kuna wanaofikiri Supra ya kupiga picha pale Forodhani ingelipa. Pengine, lakini gari ya kukodisha ina daraja lake la bima na kiwango chake, na bima binafsi itavuliwa siku ya kwanza mgeni atakapoparamia ukingo.

Tukiacha karatasi, mvuto uko wapi? Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari yenye zaidi ya farasi 280, na yaliendelea mpaka 2004, Honda Legend ilipotoka na 300. Chaser ya JZX100 ilifikia kikomo hicho kwa injini ya lita 2.5, silinda sita na tabo. GR Yaris ilipotoka 2020 ilitoa 272 kwa lita 1.6 na silinda tatu, ni nyepesi zaidi, inasukuma magurudumu yote manne, na inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 5.5. Kwa saa ya mkononi hakuna ubishi. Ila ukiendesha Altezza yenye gia za mkono, dashibodi yake iliyochorwa kama saa ya wanamichezo iko mbele yako, usukani wa mafuta unakueleza kila shimo la njia ya Fumba, na kwa kilomita 60 tu kwa saa unahisi unafanya jambo. Kisiwa chenyewe urefu wake ni kama kilomita 85, kimejaa vijiji, ng'ombe, baiskeli na watoto wa skuli. Gari inayokuhitaji ukimbie sana ndiyo uanze kufurahi haina pahala hapa. Hiyo ni hoja yangu kubwa kwa gari kongwe, wala haina uhusiano na bima.

Aliye na milioni 15 kwa hiyo, ningemwambia anunue kongwe ambayo haijachezewa, akate bima kubwa kama itakubaliwa kwa thamani ya kweli, na milioni 2 aziache kando kabla hajanunua rimu. Aliye na gari mpya ya thamani asiwaze bima ndogo hata dakika moja. Hapo ndipo mtu hupoteza nyumba kwa ajili ya shilingi milioni tatu. Na anayekwazwa na bima za kawaida kwa sababu za dini, ambao kwetu si wachache, kuna takaful, bima ya misingi ya Kiislamu, na Shirika la Bima la Zanzibar nalo linayo. Huko michango huingia kwenye mfuko wa washiriki, mwendeshaji huchukua ujira wake, na ziada ikipatikana yaweza kugawiwa washiriki. Thamani ya gari, ukweli wa mabadiliko na uchakavu havibadiliki kwa kuhamia huko.

Wenzetu wa Pemba wana swali la ziada. Gari ya kisasa ikigongwa Wete, fundi mwenye kompyuta ya kulinganisha kamera pengine yuko Unguja au Dar, na gari itapanda meli Mkoani. Mkataba wa bima ya gari umeandikwa kwa ajili ya barabara. Nani anabeba gharama ya kuivusha, na ikigongwa ndani ya meli au kwenye ngazi ya kupandia, dai ni la nani? Muulize wakala kabla ya kulipa, na jibu lake aliandike kwenye mkataba.